Milipuko Ina Kwao

Makala tatu kati ya tano za toleo hili zinagombania saa ya milipuko ya eksirei inayojirudia katika vitovu vya galaksi. Galaksi ya GSN 069 hulipuka kila baada ya saa 9 hivi, eRO-QPE1 hukawia saa 18 na ushee, Ansky mwanzoni ilikawia siku 4 na nusu. Mwandishi wa kwanza anaona nyota ndogo inayotoboa diski ya gesi kila inapolizunguka shimo jeusi. Wa pili anailaumu diski yenyewe. Wa tatu anawasuta wote wawili kwa milinganyo. Wasomeni. Mimi saa zimenichosha.

Milipuko hii ina kwao, na huko kwao hatujapeleleza vya kutosha. Galaksi zake si za kuokota ovyo. Ni ndogo, mashimo yake meusi ni mepesi (la GSN 069 lina uzito wa Jua mara 400,000 hivi), na katika kadhaa kati yake mwanaastronomia Thomas Wevers na wenzake walikuta gesi ingali inang'aa mbali na kitovu, ishara ya kiini kilichowaka kisha kikafifia. Galaksi za aina hiyohiyo ndizo ambazo mashimo yake meusi hurarua nyota mara nyingi kuliko nyingine. Kisha ikaja AT2019qiz: nyota iliraruliwa mwaka 2019, na miaka michache baadaye ikaonekana milipuko ya kila saa 48 hivi. Tangu hapo, anayetueleza mlipuko akainyamazia galaksi ametueleza nusu.

Na galaksi haisomwi kwa eksirei pekee. Darubini ya eksirei ya eROSITA iliponasa vyanzo vyake viwili vya kwanza vya milipuko hii, spektra za darubini ya SALT kule Sutherland, nyanda za Karoo, Afrika Kusini, zilisaidia kutuambia viko galaksi zipi, umbali gani. Darubini ya redio ya MeerKAT nayo ilikuwamo katika kazi ya GSN 069 ya mwaka 2019. Lakini gesi ile ya kina Wevers ilipimwa kwa darubini ya Chile, na hilo linaniuma, kwani GSN 069 hupita karibu na utosi wa Karoo. Tatizo ni mazoea: wagawaji wa muda wa darubini huamshwa na kengele ya mlipuko, galaksi ikitulia hulala. Subira nayo hulipa: hapa Johannesburg, mwaka 1915, mwanaastronomia Innes aliipata Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua, kwa kulinganisha sahani za picha zilizopishana miaka 5. Nani leo angempa muda huo?

 

Kwa toleo lijalo, makala ya saa itakayokuja bila spektra ya galaksi yake nitairudisha.