MAVUNO YA SHULE NDOGO

Kila mwaka, yakisha kutangazwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba, shule ndogo za vijijini hutajwa kwa namna moja tu, nayo ni hesabu ya waliofaulu na walioshindwa. Shule yenye walimu sita na vyumba vitano hupimwa kwa mizani ile ile inayopimia shule ya mjini yenye umeme, maktaba na wazazi wenye uwezo wa kulipia masomo ya jioni. Halafu hupewa nafasi yake mkiani, na Mwalimu Mkuu huitwa wilayani kujieleza. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha desturi ya kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini desturi iliyoondolewa redioni haiondoki papo hapo vichwani mwa watu, na si ajabu kukuta katika ofisi ya elimu karatasi ukutani inayopanga shule za wilaya kutoka ya kwanza hadi ya mwisho.

Hatusemi kwamba mtihani hauna maana. Mtoto asiyejua kusoma na kuhesabu amedhulumiwa, na shule iliyomwachia hali hiyo haiwezi kujitetea kwa kuonyesha bustani ya mchicha. Tunachouliza ni hiki: shule ndogo ya kijijini ikifanya kazi yake barabara, mafanikio yake yanaonekana wapi, na nani ameajiriwa kuyaona?

Swali hilo si geni katika nchi yetu. Liliwahi kujibiwa kwa vitendo katika wilaya ya Songea, kabla halijajibiwa kwa maandishi Dar es Salaam.

Mwaka 1960 kikundi cha vijana wa TANU, wakiongozwa na Ndugu Ntimbanjayo Millinga, kilikwenda kuanzisha kijiji mahali paitwapo Litowa. Mwanzo ulikuwa mgumu na njaa iliwashinda, lakini wakarudi tena. Kutokana na kijiji hicho ulizaliwa umoja wa vijiji uliojulikana kwa jina la RDA, ambao hadi kufikia mwishoni mwa miaka ya sitini ulikuwa na vijiji 17. Wanavijiji hao walilima pamoja, wakawa na mashine yao ya kusaga nafaka, wakafikia hatua ya kumiliki kiwanda cha kupasua mbao. Walipotazama mbele waliona jambo ambalo wapangaji wengi wa maendeleo hulisahau. Kama watoto wao watafundishwa shuleni kwamba jembe ni adhabu ya wasiofaulu, basi kijiji kitakufa pamoja na waanzilishi wake. Kwa hiyo wakawa na shule yao wenyewe pale Litowa, na watoto wa vijiji vya umoja wakaja kuishi na kusoma hapo.

Mwalimu Mkuu wa shule hiyo alikuwa Ndugu Suleman Toroka, ambaye aliandika habari zake katika jarida la Mbioni la Chuo cha Kivukoni. Kijana wa Kimarekani, Kate Wenner, aliyeishi Litowa, naye aliandika kitabu juu ya maisha ya hapo, Shamba Letu, kilichotolewa mwaka 1970. Yafaa jina hilo la kitabu litazamwe kwa makini. Shamba halikuitwa la shule, wala la mwalimu, wala la Serikali.

Hapo ndipo ilipokuwa siri yote ya Litowa, kama ilikuwa siri. Shule zilizokuwa na bustani zilikuwako tangu enzi za wakoloni, na watoto wa misheni walipalilia migomba na kahawa ya mapadre kabla wazazi wa vijana wa Litowa hawajaoana. Kulima shuleni hakukuwa jambo jipya hata kidogo. Jambo jipya lilikuwa kwamba mwalimu alishika jembe pamoja na mwanafunzi, kwamba kazi ilijadiliwa kabla ya kufanywa, na kwamba mtoto aliandaliwa kurudi kijijini akiwa mwanachama mwenye sauti mkutanoni. Hakuandaliwa kurudi kama mtu aliyekosa nafasi ya kwenda kwingine.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, wiki chache tu baada ya Azimio la Arusha. Wengi walioandika juu ya miaka ile wameona alama za Litowa katika kurasa zake, nasi hatuna sababu ya kuwapinga. Waraka ulieleza hali ilivyokuwa: katika kila watoto 100 wa shule za msingi, takribani 13 tu ndio waliopata nafasi ya sekondari, na elimu yote ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya hao 13. Ukataka kila shule iwe jumuiya inayojilisha kwa kiasi inachoweza. Ukataka pia jambo ambalo husomwa kwa haraka na kupitwa: kwamba wanafunzi washirikishwe kupanga kazi yao, waruhusiwe kukosea na kujifunza kutokana na kosa, na wawe na kauli juu ya matumizi ya kile walichozalisha.

Inatupasa kusema yaliyofuata, maana yanajulikana na hayawezi kufichwa. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kuuvunja umoja wa RDA, baada ya mgongano wa muda mrefu kati ya wanavijiji na viongozi wa mkoa, ambao hawakupendezwa na vijiji vilivyojiamulia mambo yao bila kusubiri maelekezo. Mali za umoja zilichukuliwa, washauri wa kigeni wakaondoka nchini, na walimu wa Litowa wakahamishwa. Hivyo shule iliyolipa taifa mfano wa sera yake ilipoteza walimu wake miaka miwili na nusu tu baada ya sera hiyo kutangazwa. Mtumishi wa Serikali anayesoma habari hii asiione kuwa historia ya wazee. Chanzo cha uamuzi ule hakikuwa uvivu wa wanavijiji wala upungufu wa mazao. Ilikuwa ni hofu ya ofisi kuona watu wa chini wakiamua. Hofu hiyo haikustaafu pamoja na viongozi wa wakati ule.

Nchi nzima ikabaki na waraka, ikabaki na jembe, lakini katika shule nyingi mjadala haukuwako. Matokeo yake kila mwalimu wa makamo anayafahamu. Katika shule nyingi “kujitegemea” kukawa kipindi cha mchana cha kuwatoa watoto darasani ili mwalimu apumzike. Kuchelewa shule kukaadhibiwa kwa kulima, na hivyo mtoto akafundishwa kila siku, kwa mgongo wake, kwamba kulima ni adhabu. Wapo waliopalilia shamba la mwalimu, wapo waliochota maji ya nyumbani kwa mwalimu, na mahindi ya shule yakauzwa bila mtu yeyote kijijini kujua yaliuzwa kwa bei gani. Wazazi waliolalamika waliambiwa hawaelewi siasa ya nchi. Waliielewa sana; ndiyo maana walilalamika.

Tusichoke kutofautisha mambo haya mawili, kwa sababu kwa macho yanafanana. Ukipita barabarani ukaona watoto 40 wakiwa na majembe, huwezi kujua kama unaona elimu au unyonyaji. Itakubidi ushuke kwenye gari uulize maswali.

Tuchukue mfano wa shule ya wanafunzi 200 yenye ekari mbili za mahindi. Tuseme mwaka ulikuwa mzuri na wamevuna magunia 20 ya kilo 100. Hizo ni kilo 2,000. Kila mtoto akipata uji wa gramu 100 za dona kwa siku, shule inatumia kilo 20 kila siku, na mavuno yatakwisha baada ya siku 100. Mwaka wa masomo una siku 194. Basi zaidi kidogo ya nusu ya mwaka watoto watakunywa uji, na siku zilizobaki watakaa na njaa hadi saa nane, isipokuwa kama litapatikana jawabu.

Katika shule mbaya hesabu hiyo haifanywi kabisa, au hufanywa na mtu mmoja ofisini. Katika shule nzuri inaandikwa ubaoni darasa la sita. Watoto hupima shamba wenyewe kwa kamba, huhesabu mistari, hupima gunia moja moja, na huona kwa macho yao kwamba kugawanya kwa desimali kuna uhusiano na tumbo. Kisha huulizwa: siku 94 zilizobaki tutafanyaje? Mmoja atasema ekari iongezwe. Mwingine atasema samadi, kwa kuwa nyumbani kwao ipo. Wa tatu, na mara nyingi ni msichana aliyezoea kupika, atauliza kwa nini uji usitolewe kwanza miezi ya njaa, kabla ya mavuno mapya, badala ya kuanza Januari na kuumaliza wakati ambapo kila nyumba ina chakula. Mwalimu anayeweza kukaa kimya dakika tano akawaacha wabishane amefanya kazi kubwa siku hiyo. Kamati ya shule ikilisikia wazo la yule msichana na kulikubali, hilo ni fanikio la shule, nalo halina safu yake katika jedwali lolote la matokeo.

Tumeleta mfano wa mahindi kwa kuwa unaeleweka kila mahali. Ungeweza kuwa wa kuku, wa miche ya miti, wa madawati yanayotengenezwa na watoto wakisaidiwa na fundi wa kijiji, au wa kisima cha maji ya mvua. Wala si lazima kazi iwe ya kuzalisha mali. Kwaya, ngoma na timu ya mpira wa pete vina hesabu zake na mijadala yake, ingawa wakubwa wengi huviona kuwa ni mapambo ya siku ambayo mgeni wa heshima anakuja.

Jambo hili lina uzito wa pekee sasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeirudisha kazi ya mikono katika mjadala wa taifa kwa jina la elimu ya amali, na mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024. Elimu ya lazima imepangwa kuwa ya miaka 10. Hali ya mwaka 1967 imegeuka: katika miaka ya 2023 na 2024, takribani watahiniwa wanane katika kila kumi walifaulu mtihani wa darasa la saba. Hiyo ni hatua kubwa na wananchi wana haki ya kuifurahia. Lakini mtoto anayeendelea mbele hajasalimika kwa sababu hiyo tu. Akifika kidato cha kwanza baada ya kuzoezwa miaka yote kutii kengele na kunakili ubaoni, mkondo wowote atakaopangiwa ataufuata kama alivyofuata kengele. Karakana na vyerehani vinanunulika. Tabia ya kupanga kazi na kuihesabia haipatikani kwa zabuni, nayo huanza kujengwa katika shule ya msingi, hata yenye vyumba vitano.

Kwa walimu tunasema wazi kwamba mzigo huu ni mkubwa. Mwalimu mmoja mwenye watoto 80 darasani hawezi kulaumiwa akiona shamba kuwa usumbufu mwingine, hasa anapojua kwamba hakuna atakayemuuliza habari zake. Anaulizwa asilimia ya ufaulu. Kwa hiyo hufundisha asilimia. Hapa lawama iende kwa anayeuliza.

Na wanaouliza ni watumishi wa Serikali: Maafisa Elimu wa kata na wilaya, wathibiti ubora wa shule, wakurugenzi wa halmashauri. Wao ndio wanaoandika taarifa, na shule hujifunza haraka sana kuwa kile kinachotakiwa na taarifa. Afisa anapofika shuleni huomba daftari la mahudhurio, maandalio ya masomo na matokeo ya majaribio. Aombe pia daftari la mavuno. Alitazame limeandikwa kwa mkono wa nani: wa mwalimu, au wa mwanafunzi aliyepewa dhamana na wenzake. Amwite mtoto yeyote wa darasa la tano, si yule aliyetayarishwa, amuulize mwaka jana walivuna kiasi gani, kilikwenda wapi, na nani aliamua. Iwapo mtoto hajui, au akimtazama kwanza mwalimu usoni kabla ya kujibu, basi afisa aandike hivyo katika taarifa yake, hata kama shule hiyo ndiyo iliyoongoza wilaya.