Ukihamia Mji Mpya, Usipande Basi la Usiku

Wasee, acha niseme tu. Ukiamua kuhama mji, usiende usiku. Panda basi la mchana, kaa dirishani, na usilale. Ukiweza, gawanya safari iwe siku mbili. Najua venye wengi wenu mtanijibu: usiku hakuna jam, unaokoa siku nzima, unalala tu na ukiamka umefika. Hapo kwa "ukiamka umefika" ndipo shida yangu iko.

Mimi nilitoka Kisumu nikahamia Mombasa mwaka jana. Ni zaidi ya kilomita 800, karibu nchi nzima, kutoka ziwani hadi baharini. Nilikuwa na mabegi mawili, taa ya kurekodia video, na sufuria moja ambayo mathe alikataa katakata niondoke bila. Chuo nilikuwa nimeacha mwaka wa pili, na hiyo si stori ya leo. Leo naongea barabara, juu watu wa umri wetu tunahama kila siku na kila mtu anatuuliza tu tukifika tutafanya nini. Safari yenyewe hakuna mtu anaiongelea.

Sababu ya kwanza. Kichwani mwa wengi wetu, Kenya ni Nairobi halafu kuna madoadoa. Unajua kwenu, unajua Nairobi, na unajua Diani juu ya picha za watu. Katikati ni giza, na basi la usiku linahakikisha hilo giza linabaki vile vile. Lakini toka Kisumu asubuhi uone. Muda si mrefu uko Ahero, mashamba ya mpunga yamejaa maji. Ukipita Awasi unaanza kuona miwa. Halafu barabara inapanda, masikio yanaziba, na ukifika Kericho unatafuta jaketi ambayo umeiweka chini kabisa ya begi. Chai imekatwa sawa sawa kama nywele za kinyozi. Watu wako ndani ya hizo shamba na vikapu mgongoni, saa mbili asubuhi, wakati mimi na wewe huwa bado tunabonyeza simu kitandani.

Baadaye Londiani, Mau Summit, malori yamepanga mstari Salgaa, kisha Nakuru. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, na Eldoret ikafuata 2024. Tuko na majiji matano sasa, na bado mtu akisema "naenda kutafuta maisha mjini" sote tunaelewa ni Nairobi. Ukipita mchana unaona watu wanajenga, wanafungua duka, wanauza viazi, wanalipa karo, na hawangoji ruhusa ya mtu yeyote wa Nairobi.

Na kabla niendelee, hicho kipande cha Sachangwan hadi Salgaa ndicho kinanifanya nisikubali stori ya "usiku ni rahisi." Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, pale Migaa, basi na lori ziligongana na zaidi ya watu 30 wakafa. Baada ya hapo serikali ikapiga marufuku mabasi ya usiku kwa muda. Marufuku iliondolewa, usiku umebaki usiku. Dere ni binadamu kama wewe, saa tisa usiku macho yake pia yanataka kufunga. Sisemi mchana hakuna ajali. Nasema mchana angalau unaona venye gari linaendeshwa, na ukiwa na sauti unaweza kuitumia.

Sababu ya pili ni Nairobi yenyewe. Kila mtu niliyemwambia nahama aliniuliza swali moja: "Si ubaki tu Nairobi?" Kwa sisi watu wa kontenti ndio kabisa. Ati matangazo yako Nairobi, watu wakubwa wako Nairobi, usipokuwa hapo hakuna anayekuona. Nililala usiku mmoja kwa binamu yangu Umoja, keja ya chumba kimoja tukiwa watu watatu, na asubuhi nikashika basi la Mombasa. Kupita Nairobi bila kubaki kulinifunza kitu ambacho nisingekijua nikiwa nimelala.

Sikia hii. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa, ilikuwa inaenda ziwani. Ilifika hapa katikati 1899, wajenzi wakaweka kambi na stoo kabla ya kupanda mlima, na mwaka wa 1901 reli ikafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence. Hiyo kambi ndiyo ikawa Nairobi. Yaani safari ya Kisumu na Mombasa ndiyo ilikuwa safari yenyewe, na Nairobi ilikuwa mahali pa kupumzika. Mimi sichukii Nairobi, iko na raha zake. Lakini ukiipita mchana, ukaona jam ya Mlolongo ikibaki nyuma yako, unaelewa kuwa huo mji ni steji kama steji zingine. Unaweza kushuka, na unaweza pia kuambia konda "twende."

Sababu ya tatu ndiyo kubwa kwangu. Barabara inakubadilisha polepole, na unahitaji hiyo polepole. Kutoka Nairobi kaa upande wa kulia. Asubuhi ikiwa safi, ukipita Emali unaweza kuona Kilimanjaro. Makindu kuna hekalu la Sikh lililoanzishwa na wafanyakazi wa reli, na hadi leo msafiri wa dini yoyote anapewa chakula bila kulipa. Mtito Andei mabasi yanasimama, watu wanakula, wanaenda choo, wananyoosha miguu. Halafu Tsavo, ambapo simba wawili walikula wafanyakazi wa reli mwaka 1898. Udongo ni mwekundu hadi ndovu wenyewe wanaonekana wekundu. Voi, Maungu, Mackinnon Road, joto linaongezeka kila steji na unavua nguo moja moja. Ukifika Mariakani unaona minazi, na mwili wako tayari unajua uko Pwani kabla ya kichwa kukubali.

Kwa basi nilikaa na mama mmoja anayeishi Mazeras. Nilipoita muuza maji dirishani nikasema "nipatie moja," akacheka. Akaniambia, "Mwanangu, huku sema 'naomba.' Na mtu mzima muamkie shikamoo kwanza, halafu useme shida yako." Kisha akaniuliza kama nishalipa nyumba. Nikamwambia bado, nimetumiwa picha tu. Akanipa somo ambalo halikuwa kwa video yoyote niliyowahi kutazama: usitume pesa ya nyumba hujaiona, na ukienda kuiona usiulize kodi kwanza, uliza maji. Mombasa kuna nyumba nzuri, vigae vinang'aa, na mfereji hauna kitu wiki nzima, kwa hivyo unanunua mitungi ya mkokoteni kila siku. Kuna zingine maji yapo lakini ni ya kisima, ya chumvi, sabuni haitoi povu. Fungua mfereji mwenyewe, onja, halafu uulize majirani wala si landilodi.

Hiyo ushauri iliniokolea pesa ndani ya siku tatu. Usiku huyo mama angekuwa amejifunika leso uso, na mimi ningekuwa na vipokea sauti masikioni, tumekaa saa nane kama mizigo miwili.

Najua kuna wenye hawana hizo siku mbili. Ukianza kazi Jumatatu na umeitwa Jumamosi, panda chochote. Ukiwa na mtoto mdogo anayelala vizuri usiku, unajua mambo yako kuniliko. Na kuna wale watauliza, mbona usipande tu treni ya SGR kutoka Nairobi? Ni nzuri, inaenda mchana pia, na ndovu utawaona. Lakini imepita juu juu, kando ya miji. Hakuna anayekuuzia embe dirishani Kibwezi. Ukiwa unaenda kutembea wikendi, panda treni. Ukiwa unahama, unahitaji watu.

Pia msinidanganye kuhusu usalama wa kufika. Basi la usiku mara nyingi linakutupa steji alfajiri, bado giza, uko na mabegi yote uliyo nayo duniani na hujui upande gani ni upande gani. Toka Nairobi asubuhi mapema na ukiwa na bahati utafika kungali na mwanga, maduka yako wazi, na kuna watu wa kuuliza njia. Kwa wasichana hii si jambo la kujadili hata.

Sasa nikuambie naona ni kwa nini tunapenda kulala njiani. Wengi wetu hatuhami, tunatoroka. Umeacha chuo, ama umekosa kazi, ama nyumbani kila mlo unakuja na hotuba. Majirani wanakuuliza "umefunga shule?" kwa ile sauti. Kwa hivyo unataka kufumba macho ukiwa mtu mmoja na kufumbua ukiwa mwingine, mahali hakuna anayekujua. Naelewa hiyo hamu vizuri sana. Lakini mji mpya haukufuti. Utashuka Mombasa ukiwa yule yule uliyepanda Kisumu, na sufuria ya mamako kwa begi. Tofauti ni kwamba aliyelala hajui yuko mbali kiasi gani, kwa hivyo siku mambo yakiwa mabaya anahisi amepotea kabisa. Anaanza kutuma picha za bahari ili watu wa nyumbani wasimuulize kama amekula.

Mimi najua nilipo. Najua kutoka hapa hadi kwa mathe kuna Voi, kuna Mtito, kuna Emali, kuna kwa binamu Umoja, kuna Nakuru, kuna baridi ya Kericho, halafu mpunga, halafu ziwa. Ni njia ndefu lakini ni njia, nimeiona kwa macho, na inarudi vile vile. Watu wa Pwani wana methali ya mabaharia: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi naichukua hivi: zunguka chombo chote, lakini jua unakorudi. Ukijua unaweza kurudi, huogopi sana kukaa. Hiyo ndiyo imenifanya nikae miezi yote hii, hata ile ambayo video zangu hazikulipa hata kodi.

Kwa hivyo kama umepanga kuhama, fanya hesabu upya. Tafuta siku moja zaidi. Beba chaji, beba sarafu za choo na njugu, kompyuta isiende kwa buti ya basi, na jaketi iwe juu ya begi. Ongea na mtu wa kiti cha pili hata kama wewe si mtu wa kuongea. Na mpigie mathe simu ukifika kila mji mkubwa, umtajie jina lake. Mimi nilipopiga nikiwa Voi aliniuliza hiyo iko wapi. Nikamweleza. Sasa hata yeye anajua nusu ya njia ya kuja kwangu, na ameniambia Desemba anakuja. Nimemwambia apande la mchana.