Fagio la chelewa ndilo linaloua bustani ya skuli

Leo nina ugomvi na kamati za skuli, na kwa kuwa nyinyi ndio wazazi mnaochangishwa, ugomvi ni wenu pia.

Kila mwaka ni yale yale. Mgeni anakuja, mzazi anadaiwa mchango, inanunuliwa miche ya mawaridi mjini. Disemba skuli inafungwa, kaskazi inavuma, hakuna wa kumwagilia. Watoto wanarudi Januari wanakuta vijiti. Kisha mchango mwengine. Hiyo si bustani, ni kodi.

Pandeni maua yanayoangusha mbegu na kuota yenyewe: zinia, kosmosi, vinka, mrehani. Mbegu inalala udongoni skuli ikiwa imefungwa; masika yakianza Machi inaota, na mzazi hatoi hata shilingi. Vinka haichagui ardhi, hata penye mawe na mchanga inastahamili (watoto wasiitafune tu, ina sumu). Mrehani unaita nyuki, na kikuba bila mrehani ni kikuba gani?

Mwalimu ataniambia, "Tulijaribu, hayakurudi." Yatarudije? Kila asubuhi watoto wanafagia mpaka juu ya tuta kwa fagio la chelewa, mbegu zinakwenda jaani pamoja na majani. Chache zilizopona zikitoa majani mawili, zinapigwa jembe kwa kudhaniwa magugu. Fagieni njia na uwanja. Tuta liacheni, hata likionekana chafu miezi miwili. Zungushieni makuti kuku wasichakure, na muwaoneshe watoto mche mchanga wa zinia ulivyo kabla hamjawapa jembe.

Nanyi wauza mbegu, mwambieni mnunuzi kweli: pakiti iliyoandikwa F1 ni chotara, na mbegu zake mwakani hazitatoa ua kama la mama.

Ila msiniletee lantana kwa hoja kuwa nayo inajiotea. Ndege wanakula matunda yake na kuipeleka konde la jirani, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi. Kujiotea ni jambo moja, kuvamia ni jengine.

Mwenye mrehani uliokauka nyuma ya nyumba akate vichwa vyake, avitie katika bahasha ya karatasi, ampe mtoto apeleke skuli kabla ya mvua.