Tuzo za Lagos na diski za mpakani

Jumamosi, Machi 5, mshereheshaji IK Osakioduwa akiwa jukwaani Lagos, Tanzania iliondoka na tuzo mbili za Africa Magic ambazo wengi hawakuzitegemea. Elizabeth Michael 'Lulu' alishinda filamu bora ya Afrika Mashariki kwa Mapenzi ya Mungu. Single Mtambalike 'Richie' akatwaa ya Kiswahili kwa Kitendawili.

Shangwe za Dar es Salaam zinaeleweka, ila soko la filamu hizi haliishii Kasumulu. Kambi ya Dzaleka, kaskazini mwa Lilongwe, ina Wakongo na Warundi wengi wanaozungumza Kiswahili, na mchuuzi wa Nathenje anayepeleka mzigo huko anawajua wateja hao. Swali ni diski gani anayowauzia. Mwaka 2013 filamu ya Tanzania ilianza kubandikwa stempu ya kodi ya TRA. Isiyo nayo ilikuwa ya kutiliwa shaka, hata jalada likiwa na sura ya Lulu, na nakala ya wizi ikiuzwa Richie hapati hata senti. Cosota na Cosoma, wasimamizi wa hakimiliki Tanzania na Malawi, wakubaliane jinsi ya kuzikagua diski hizo pale Songwe. Kwa sasa, mnunuzi wa jumla aitazame diski vizuri kabla ya kutoa fedha.