Simu ya kazi, mega za nani?

Mwaka 2021 Walmart ya Marekani ilitangaza kwamba itawapa wafanyakazi 740 000 simu ya Samsung, bure: waangalie bei, watafute bidhaa, wamjibu mteja palepale. Huku kwetu Goma na Bukavu, dada wa magazini anapiga picha ya viatu vya bosi kwa simu yake, anaituma WhatsApp kwa mega alizojinunulia, hata saa tatu ya usiku. Na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ile ya betri, inatoka Kongo! Wenye magazini, tunawaambia wazi: simu ikiuza mali yenu, mega ni juu yenu. Na mtu akishafika kwake, mumuache apumzike.