Acheni Kucheka Saidi Mira Zangu

Mnacheka. Nawasikia nikipita stendi ya Kitui: "Cheki, mzee amemvalisha nyanya miwani ya jua." Mzaha mzuri, nakubali. Corolla yangu ni ya mwaka 1994, rangi imepauka kwenye boneti na paa, na milangoni imebeba vioo vya pembeni vilivyotoka kwenye Axio: vikubwa, vyeusi, vyenye indiketa, vya kujikunja ukibonyeza swichi. Haviendani na gari. Najua. Lakini leo nataka tugombane, kwa sababu na mimi nilikuwa nacheka hivyo hivyo, mpaka mtoto wa watu akavunjika mkono.

Ilikuwa Desemba, barabara ya Makindu kwenda Wote, nikikaribia Kathonzweni. Nilitoka Kitui asubuhi kupitia Mutomo na Kibwezi, nikimpelekea mama unga na mafuta. Karibu na njia ya nyumbani nikawasha indiketa ya kushoto, nikatazama kioo. Kioo kile cha zamani kilikuwa kidogo kama kisosi, kimeota madoa meusi, na kijiti cha kukirekebisha kwa ndani kilivunjika miaka mingi iliyopita, kwa hiyo kilitazama kilikotaka chenyewe. Nikaona vichaka. Nikakata kona. Bodaboda aliyekuwa ananipita kwa kushoto, ukingoni mwa lami (kosa lake, ndiyo, na langu), akaingia mtaroni na mama mmoja na mtoto wake. Yule kijana aliinuka akijipangusa vumbi, akaniuliza swali moja tu: "Kwani hukuniona, mzee?"

Sikumwona. Ile plasta nililipia mimi, na sijawahi kutoa pesa kwa aibu kama ile.

Sasa nyinyi mnaosema gari liachwe "orijino", orijino ya nani? Huko Japani kwenyewe, hadi mwaka 1983, sheria ilitaka vioo vikae mbele kabisa, juu ya mabawa ya gari. Sheria ikabadilika, vioo vikahamia milangoni. Indiketa ndani ya kioo? Mercedes waliiweka kwenye S-Class ya 1998, kisha wengine wakafuata. Hicho mnachokilinda kama urithi wa mababu ni uamuzi wa mhandisi wa mwaka fulani, aliyefikiria barabara za kwao, ambako punda wanne wenye madumu ya maji hawakungoji kwenye kona saa moja jioni.

Tena huo uorijino unaupata wapi? Kioo cha Corolla ya 1994 kilichotumika kipo kwa wauza vipuri, lakini nani atakuambia kilitoka kwa gari gani? Kuna sababu madereva wa Nairobi huchora nambari ya gari kwenye vioo vyao.

Mwana wa mwaitu mmoja, mtu ninayemheshimu, aliniambia niuze hili gari ninunue la juzi. Eti kioo kipya kwa gari kuukuu ni kama kiraka cha hariri. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane, na hilo la miaka saba, likitua Mombasa na ushuru wake, bei ni shamba. Mimi ni mwalimu na nina watoto wawili sekondari. Kutoka Mwingi mpaka Mbooni tunaendesha magari yaliyozeekea hapa hapa, na tutayaendesha sana. Swali ni kama yataona.

Ila mna haki nusu. Kazi nyingi ya kubadilisha hivi vioo ni takataka. Fundi wangu wa kwanza alikuta mashimo ya skrubu hayalingani, akajaza pati, akapaka rangi, akanipongeza. Nilipofika mahali ambapo barabara ya vumbi imejikunja kama bati, kioo kilitetemeka hata lori moja likawa matatu. Nyaya alizipitisha kwenye ufa wa mlango badala ya ndani ya ule mpira ulio karibu na bawaba. Siku ya tatu mlango ukazikata, fyuzi ikaungua. Wengine huuziwa vioo vya gari la usukani wa kushoto, vilivyoelekezwa kwa dereva aliyeketi upande ule mwingine. Hivyo huwa vinawaka vizuri sana usiku na havikuonyeshi kitu. Huo ni urembo. Huo uchekeni mpaka mbavu ziume.

Fundi wa pili alikuwa dada mmoja mwenye maneno machache. Aling'oa kila kitu, akakata bamba la chuma, akalikunja lifuate ile pembe ya dirisha, akalikaza kwa boliti. Kabla hajaunga waya hata mmoja alinikalisha kwenye usukani, akalizunguka gari polepole akiwa ameinua mkono, nami nimwambie anapopotea. Alipotea upande wa kushoto, hatua mbili nyuma ya mlango. Akasimama hapo hapo.

"Hapa ndipo boda hukaa," akasema, akarudi kubadilisha pembe ya bamba. Tulifanya hivyo mara nne. Pia alinionya kwamba kioo cha kushoto kimebinuka: kinaonyesha eneo pana, lakini kitu huonekana kiko mbali kuliko kilivyo, kwa hiyo wiki ya kwanza niendeshe kama mwanafunzi. Indiketa aliiunga mwisho kabisa, karibu aisahau.

Kioo cha kulia bado kinatetemeka kidogo nikipita 80. Amesema nimletee Jumamosi.