Mchagua Jembe: Kuhusu Zana za Kuchorea Usanifu wa Programu

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Usemi huo humkemea mvivu anayekaa kivulini akilinganisha mipini ilhali wenzake wamekwisha kupalilia. Hata hivyo mkulima hodari naye hulitazama jembe kabla ya kulinunua: hutazama kama mpini utabadilishika ukivunjika, na kama jembe ni lake mwenyewe au ni la kuazima litakalodaiwa katikati ya msimu. Katika shule zinazofundisha somo la kompyuta, swali la namna hiyo huzuka wanafunzi wanapofikia hatua ya kuchora usanifu wa programu. Wachore kwa zana gani? Mara nyingi huchaguliwa zana yenye rangi nyingi, au ile iliyokutwa tayari katika kompyuta za shule. Vigezo hivyo viwili havitoshi. Zana ifaayo ni ile inayomwezesha mwanafunzi kuubadilisha mchoro wake bila taabu, na kuufungua tena baada ya miaka bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mchoro wa usanifu ni picha ya mawazo. Huonyesha sehemu za programu na jinsi zinavyohusiana, kabla programu haijaandikwa au wakati inaporekebishwa. Desturi hii ni kongwe kama kompyuta zenyewe. Mwaka 1947 Herman Goldstine na John von Neumann, huko Princeton, Marekani, walieleza namna ya kupanga kazi za mashine kwa michoro ya mtiririko. Mwaka 1976 Peter Chen alitoa michoro ya kuonyesha vitu na mahusiano yao katika hifadhi za taarifa, na mwaka 1987 David Harel alichapisha michoro ya hali za mfumo. Kila kundi likawa na alama zake, na msomaji wa kundi moja hakuelewa michoro ya kundi jingine. Ndipo Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson walipounganisha mitindo yao, wakazaa lugha ya michoro iitwayo UML, ambayo shirika la Object Management Group liliipitisha Novemba 1997. Katika toleo lake la 2.5 lugha hiyo ina aina 14 za michoro.

Historia hiyo yafunza jambo moja muhimu: alama zilitangulia, zana zikafuata. Kwa miaka mingi wasanifu walitumia penseli na kibao cha plastiki chenye matundu ya maumbo. Ajuaye maana ya alama aweza kuzichora hata mchangani kwa kijiti. Asiyeijua hatafikirishwa na zana yoyote, hata ingekuwa ghali namna gani.

Zana za kompyuta zilizopo leo zaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni zana za kuchora tu, kama Visio, iliyotoka mwaka 1992, na draw.io, inayopatikana bila malipo. Kwa zana hizi mchoraji huburuta visanduku na mishale, na kwa kompyuta kisanduku hubaki kuwa umbo tu. Fungu la pili ni zana za kutunza mfano mzima wa mfumo, kama Rational Rose iliyotamba miaka ya 1990, au Umbrello ambayo ni programu huria. Hizi hutambua kwamba kisanduku ni sehemu ya mfumo, na jina lake likibadilishwa mahali pamoja hubadilika katika michoro yote. Fungu la tatu ni zana za maandishi. Hapa mchoraji huandika maelezo mafupi kwa kanuni maalumu, na kompyuta ndiyo ichoreayo picha. Graphviz, iliyoanzia katika maabara za AT&T, PlantUML ya mwaka 2009 na Mermaid ya mwaka 2014 ni za fungu hili, nazo zote ni programu huria.

Ili kuchagua baina ya mafungu hayo, hapana budi kwanza kujua ugonjwa mkuu wa michoro ya usanifu. Mwaka 1975 Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa uendeshaji wa kompyuta za IBM System/360, aliandika katika kitabu chake The Mythical Man-Month kwamba michoro ya mtiririko imesifiwa kupita kiasi. Alieleza kuwa waandishi wa programu wenye uzoefu hawakuwa na desturi ya kuichora kwa kina kabla ya kuanza kazi. Palipokuwa na amri ya kuichora, ilichorwa baada ya programu kukamilika. Kisa cha hali hiyo si kigumu kukiona. Programu hubadilika kila wiki, na mchoro uliogharimu saa nyingi huonewa huruma, haubadilishwi. Baada ya muda mchoro husema hili na programu hutenda lile. Mchoro wa namna hiyo ni hatari kuliko kukosa mchoro, kwa sababu msomaji huuamini.

Na tuchukue mfano wa maktaba ya shule. Wanafunzi wanasanifu programu ya kuazimisha vitabu, nao wanataka kuonyesha mfuatano wa mambo tangu mwanafunzi anapofika mezani. Kwa PlantUML mchoro wote huandikwa hivi, baada ya kuongezwa mstari mmoja wa kufungulia na mmoja wa kufungia:

Mwanafunzi -> Karani : anaomba kitabu
Karani -> Daftari : anatafuta kitabu
Daftari --> Karani : kitabu kipo
Karani --> Mwanafunzi : anakabidhi kitabu

Kutokana na mistari hiyo minne kompyuta hupanga wahusika watatu juu, huwashushia mistari wima, na kuchora mishale ya maombi na ya majibu kwa utaratibu wake. Sasa mwalimu wa maktaba anasema kwamba mwenye kitabu ambacho hajakirudisha asipewe kingine. Aliyechora kwa kuburuta maumbo atalazimika kusogeza mishale chini mmoja mmoja ili apate nafasi. Aliyeandika ataongeza mistari miwili tu mwanzoni, baada ya ombi la mwanafunzi:

Karani -> Daftari : anatafuta deni la mwanafunzi
Daftari --> Karani : hana deni

Picha itachorwa upya yenyewe. Kwa kuwa kubadilisha ni rahisi, mchoro utabadilishwa. Na kwa kuwa utabadilishwa, utaendelea kusema kweli. Isitoshe, mistari minne ya kwanza haifiki herufi 200. Yaweza kunakiliwa katika daftari la mazoezi umeme unapokatika, na mwalimu aweza kulinganisha kazi ya jana na ya leo mstari kwa mstari, akaona kilichoongezwa na kilichofutwa.

Jambo la pili ni umiliki. Mwaka 2010 kampuni ya Microsoft ilitia zana za kuchorea UML katika toleo la bei ya juu la Visual Studio. Katika toleo la mwaka 2017 zana hizo ziliondolewa. Aliyekuwa na michoro ya namna hiyo ilimpasa kubaki na toleo la zamani au kuichora upya kwingine. Huduma nyingine za mtandaoni nazo huruhusu michoro michache bila malipo, kisha hudai ada. Kampuni yoyote ina haki ya kuendesha biashara yake itakavyo. Lakini mwanafunzi anayemaliza Kidato cha Nne hana sababu ya kuiacha kazi yake nyuma ya mlango ambao ufunguo wake uko kwa mwingine. Faili la maandishi hufunguliwa na kompyuta yoyote, hata ile kuukuu. Hata siku ambayo zana iliyolichora itakuwa imesahauliwa, maneno yake yatasomeka na maana yake itaeleweka.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zina uzito. Watasema kwamba zana za maandishi hupanga picha zipendavyo zenyewe, na kwamba visanduku vikiwa vingi mishale hupishana kama nyavu zilizotatizika. Ni kweli. Lakini mara nyingi msukosuko huo huonyesha kuwa mchoro mmoja umebebeshwa mambo ya michoro mitatu, na dawa yake ni kuugawa. Pale ambapo mpangilio wenyewe ndio ujumbe, kama katika bango la maonyesho ya sayansi, zana ya kuchora kwa mkono yafaa zaidi. Hata hapo ichaguliwe inayofanya kazi bila intaneti na inayohifadhi kazi katika muundo ulio wazi, kama draw.io ya kuwekwa katika kompyuta. Nakala ya kuchapishwa ihifadhiwe kwa muundo wa SVG, ambao ni kanuni ya wazi tangu mwaka 2001 na haupotezi ukali wa mistari unapokuzwa. Picha peke yake isihifadhiwe bila faili lililoizaa, kwani picha haihaririki.

Wengine watasema kwamba yafaa wanafunzi wazoee zana zitumiwazo maofisini. Hoja hii huchanganya lugha na kalamu. Lugha ya michoro ni kanuni ya pamoja, na ajuaye kuisoma ataisoma popote. Zana hubadilika kwa kasi, na mwenye msingi imara hujifunza mpya kwa siku chache. Rational Rose ilikuwa zana ya maofisini katika siku zake. Wachache wa vijana wa leo wamewahi kuisikia.

Kwa hiyo utaratibu unaopendekezwa kwa shule ni huu. Mchoro wa kwanza wa kila kazi ufanywe kwa chaki ubaoni au kwa penseli, mbele ya kundi zima, maana hapo ndipo mabishano yenye manufaa hutokea na kufuta hakugharimu kitu. Wazo likitulia, liandikwe kwa zana ya maandishi, na faili lake likae pamoja na programu yenyewe. Kabla ya kuipokea zana yoyote, mwalimu aulize: je, itafanya kazi bila intaneti? Je, shule isipolipa mwakani, michoro ya mwaka huu itafunguka? Je, mwanafunzi ataweza kuondoka nayo? Jibu moja la hapana linatosha kuikataa.

Nao usahihishaji hauna budi kubadilika. Alama nyingi hutolewa kwa mchoro nadhifu uliowasilishwa siku ya mwisho. Yafaa mwalimu aipe programu sharti jipya katikati ya muhula, kisha wiki moja baadaye auweke mchoro kando ya programu na kutazama kama vinasema jambo lile lile.